Muziki Unaozimwa Nikibisha Hodi

Mara ya kwanza niliusikia nikiwa bado njiani. Ilikuwa Jumamosi mchana, nimeshuka kwenye bodaboda pale njia ya kwenda kwa baba inapoiacha barabara kubwa, mkononi nina kapu la vyakula. Matogoro ilikuwa na ukungu wake wa Juni, ule unaokaa mabegani mwa milima mpaka jua linakata tamaa. Ndani ya ukungu huo nikasikia gitaa. Halikuwa gitaa la kwaya wala la dansi. Lilikwenda mbio na kukwaruza, linauliza na kujijibu lenyewe, na juu yake mwanamume mwenye sauti nzito anaimba Kiingereza kama mtu anayecheka huku akikohoa.

Nilidhani ni kwa jirani. Baba yangu hakuwa mtu wa muziki. Alikuwa bwana misitu mstaafu, Myao wa Nakapanya, Tunduru, aliyeletwa Songea na kazi, akabaki kwa sababu alimpenda mama na akaipenda baridi, sijui kipi kilitangulia. Redio yake ilijua mambo mawili: taarifa ya habari na kisomo cha Kurani asubuhi. Tangu tumzike mama, mwaka na ushei uliopita, hata taarifa ya habari aliisikiliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili.

Nilipofika uani, hapakuwa na shaka tena. Muziki ulitoka ndani kwa baba.

"Hodi!"

Ukakatika hapo hapo. Haukupunguzwa, ulikatwa, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikasikia kitu kikiburutwa sakafuni, kisha mlango wa nyuma ukalia, ule ambao bawaba zake zimelia hivyo hivyo tangu nikiwa mtoto. Ndipo baba akaja kufungua wa mbele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Mbona leo mapema?"

Swali hilo lilinikaa vibaya. Mzazi mjane, anayeletewa chakula na binti yake, hamuulizi mbona mapema. Nikaingia, na macho yangu yakaanza kufanya kazi ambayo hayakutumwa. Shati la baba lilikuwa limepigwa pasi, mikunjo imesimama kama ya askari. Ndevu zilikuwa zimechongwa na kinyozi, yeye ambaye maisha yake yote alijinyoa mwenyewe kwa wembe na kioo kidogo dirishani. Miguuni alivaa viatu vipya vya kutumbukiza, visivyo na kamba, vya vijana. Na mkono wa kushoto aliuweka mfukoni, amesimama hivyo nyumbani kwake mwenyewe kama kijana anayesubiri mchumba stendi.

Mezani kulikuwa na vikombe viwili. Jikoni kulikuwa na harufu ya mbasa. Hapo ndipo nilipokaa kitini. Baba ni mtu wa Tunduru, mtu wa mikorosho. Samaki wa Ziwa Nyasa alikuwa akimkataa mbele ya mama miaka yote, anasema shombo yake inamfuata mpaka kwenye mto wa kulalia.

"Kulikuwa na mgeni?" nikauliza.

"Mgeni gani?"

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwanafunzi akinijibu swali kwa swali, huwa sihitaji ushahidi mwingine.

Jioni nikampigia simu mdogo wangu wa kiume, ambaye yuko Dodoma kikazi. Nikamweleza viatu, ndevu, samaki, na ule mkono mfukoni. Hakuniacha nimalize.

"Dada, mzee ana mwanamke."

"Tusikimbilie huko."

"Tusikimbilie wapi? Viatu vya kutumbukiza! Angalia sana, kiwanja kile siku hizi kila mtu anakitolea macho. Anaingia na samaki, anatoka na hati ya nyumba."

Nilimkemea, lakini nilipokata simu nilikuta maneno yake yameshapata pa kukaa. Si kwamba nilitaka baba aishi kama mtawa. Dini yake inamruhusu, na umri wake haujamzuia mtu. Kilichoniuma ni ule mlango wa nyuma. Mtu mwenye nia njema, nilijiambia, anasimama anasalimiwa.

Jumamosi iliyofuata nikapitia kwanza kwa mama anayeuza mboga pale njia panda. Ni mtu anayejua nani kapita na nani hakurudi. Nikachagua nyanya taratibu kuliko nyanya zinavyostahili.

"Baba yako amechangamka siku hizi," akasema, bila kuniangalia. "Kila alasiri ni muziki. Tunasikia mpaka huku."

"Eeh, uzee nao unahitaji burudani."

"Na kuna mama mmoja." Akapanga upya mafungu ya mchicha. "Anapita kule nyuma, kwenye mahindi. Mtu mzima, mrefu. Anabeba kitu kirefu mgongoni, amekifunga kwa kitenge. Mimi lakini sijaona kitu."

"Kitu kirefu?"

"Sijaona kitu, mwalimu. Usije ukanitaja."

Siku hiyo baba alinipokea vizuri, tukala, tukaongea habari za wajukuu. Mkono ulikuwa mfukoni. Alipokwenda uani kutawadha, alichukua muda mrefu kuliko kawaida, nami nikatumia muda huo kusogea kwenye kabati. Pale juu palikuwa na sabufa ndogo nyeusi ambayo sikuwahi kuiona. Ubavuni mwake ilichomekwa flashi nyekundu. Sikufikiri sana. Niliichomoa nikaitia kwenye mkoba.

Nilimuuliza alipotoka, "Baba, Ijumaa hii uliswali msikiti gani? Kuna mtu alikutafuta."

"Niliswali hapa."

"Ijumaa, baba?"

"Magoti," akasema. Akafunga mada.

Nikarudi mjini na mkoba wangu, na sababu mpya ya kutolala. Ameacha msikiti. Mwanamke gani huyu anayemtoa mtu msikitini?

Kesho yake, mume wangu aliichomeka ile flashi kwenye sabufa yetu. Kulikuwa na albamu moja tu. Bluzi, akasema mume wangu, muziki wa watu weusi wa Marekani, huu unaopigwa kwa gitaa. Lakini bluzi aliyoizoea yeye ni ya kulia, na hii ni ya kuchezesha. Na kweli, kabla wimbo wa kwanza haujafika katikati, alikuwa ameacha gazeti na mabega yake yanakwenda. Watoto wakaja, wakaanza kuruka sebuleni. Gitaa lilikuwa linapanda ngazi na kushuka, likisita mahali ambapo hukutegemea, kisha likirukia mbele kama mbuzi aliyefunguliwa.

"Huu ni muziki wa mtu mwenye raha zake," mume wangu akasema. "Mwache mzee wa watu."

"Sikiliza maneno."

Nafundisha Kiingereza, na siku hiyo Kiingereza changu kilinifanya nisifurahi pamoja na wenzangu. Katika wimbo wa kwanza mwanamume anawaambia majirani kwamba hajambo, kabisa hajambo, waache kuuliza. Na kila anavyosema hajambo unaelewa kwamba anaumwa. Katika wa pili anauza kitanda chake kwa sababu kimekuwa kipana mno. Kuna mmoja, ambao ndio wenye gitaa lenye furaha kuliko yote, anajifundisha kupika uji, unaungua, anaula huku akipiga mluzi. Hapakuwa na wimbo wenye maneno ya furaha. Furaha yote ilikuwa kwenye nyuzi.

Niliisikiliza tena peke yangu wakati wa kupiga pasi nguo za shule. Nilikuwa natafuta mwanamke mle ndani, natafuta ahadi, siri, mpango. Badala yake nikazidi kuchanganyikiwa. Baba anasikia Kiingereza. Vitabu vya chuo cha misitu vilikuwa vya Kiingereza. Alikuwa anajua wanachoimba. Sasa yeye aliupenda kwa ajili ya nini, maneno au gitaa?

Niliporudisha ile flashi katikati ya wiki, baba alikuwa amekaa barazani, uso ameukunja.

"Mama, kuna kitu changu ulichukua?"

"Kitu gani, baba?"

Hakuweza kukitaja, kwa sababu angekitaja ningemuuliza alikitoa wapi. Nami sikuweza kukiri, kwa sababu angeniuliza nilikuwa natafuta nini. Tukakaa vile, baba na binti, kila mmoja amemkamata mwenzake na hakuna anayeweza kusema. Nilipoingia ndani kuweka chai, flashi nikaiacha chini ya kabati, kana kwamba ilidondoka. Alijua. Niliona alivyonitazama nilipotoka.

Baada ya hapo ndipo ukaja uongo wa Namtumbo. Aliniambia asiende mtu kwake Alhamisi, anakwenda Namtumbo kumwona rafiki yake waliyefanya kazi pamoja, ambaye siku hizi analima tumbaku. Vizuri. Ijumaa nikampigia yule mzee kumjulia hali, nikamshukuru kwa kumpokea baba.

"Baba yako?" akasema. "Mwanangu, sijamwona tangu msiba wa mama yako. Haumwi?"

Mwendesha bodaboda ninayemtumia siku zote akanimalizia: alimpeleka mzee stendi siku hiyo, naye akapanda gari la upande mwingine kabisa, si la Namtumbo. Na hakuwa peke yake. Alikuwa na mama mmoja mrefu, ndiye aliyembebea mfuko, na alimshika kwapani wakati wa kupanda.

"Alimshika kwapani," mdogo wangu alirudia kwenye simu. "Mchana kweupe, stendi ya mkoa. Dada, nenda ukawafumanie au nije mwenyewe."

Nilikwenda Jumanne, siku ambayo baba anajua nina vipindi mpaka jioni. Niliomba ruhusa shuleni, nikasema nina dharura ya familia, na moyoni nikaona sijadanganya. Sikupita njia panda. Nilizunguka kwa juu, karibu na miti, nikashuka kwa nyuma katikati ya mahindi ambayo yalikuwa yamekauka yanasubiri kuvunwa. Majani yalinikwaruza mikono. Nilijiona mjinga, mwanamke mzima na viatu vya kazini, nanyatia nyumba niliyokulia. Lakini sikugeuka.

Muziki ulikuwa unapigwa, ule wa uji. Ila safari hii kulikuwa na kitu kingine juu yake: gitaa la pili, lililochelewa, lenye kukosea, linalotoa sauti butu kama ya mtu anayegonga kopo. Wimbo ulikuwa unakimbia nalo linaufuata nyuma likichechemea.

Nikasukuma mlango wa nyuma. Bawaba zikalia.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, gitaa pajani. Mbele yake, magoti yakikaribia kugusana, alikaa mwanamke wa umri wa miaka sitini hivi, mrefu kweli, kichwani kilemba, miwani imeshuka puani. Alikuwa ameshika mkono wa kushoto wa baba. Alikuwa anachukua kidole kimoja kimoja na kukibonyeza juu ya uzi, kama unavyomfundisha mtoto kushika penseli.

Safari hii hakuna aliyeuzima muziki. Ulimalizika wenyewe, ukaanza mwingine.

"Habari za saa hizi," nikasema.

Mtu wa kwetu anaelewa nilichofanya. Mwanamke wa umri ule nilipaswa kumpa shikamoo, na nilijua, naye alijua. Alinitazama juu ya miwani.

"Nzuri," akasema. "Wewe ndiye mwalimu. Nilimwambia utakuja. Yeye alisema utakuja kwa mlango wa mbele."

"Na mimi niliambiwa baba alikwenda Namtumbo," nikajibu.

"Mama," baba akasema, "kaa chini."

"Sikai. Nataka kujua huyu ni nani na anafanya nini nyumbani kwa mama yangu."

Baba akafungua mdomo, lakini yule mama akamtangulia. Hakuinua sauti. "Mwambie, au nimwambie mimi. Nimechoka kupita kwenye mahindi kama mwizi. Nilikubali wiki chache, sasa ni miezi."

Baba akautazama mkono wake. Ulikuwa bado kwenye shingo ya gitaa, na sasa kwa kuwa hakuna aliyeushika, niliona vidole vikiteleza, kimoja baada ya kingine, mpaka mkono wote ukalala pajani kama kitu alichowekewa na mtu mwingine.

"Ni mkono," baba akasema. "Ulikufa ganzi mwezi wa tatu. Na mguu kidogo."

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kwa jambo lingine, na maneno niliyoyapanga yalikuwa bado yamenijaa mdomoni. Yule mama ndiye aliyenieleza, taratibu. Alikuwa muuguzi mstaafu, mtu wa Nyasa, amepanga nyumba ng'ambo ya shamba. Asubuhi moja alikuwa akipita, akamkuta baba amekaa chini karibu na banda la kuku, hawezi kusimama, mdomo umekwenda upande. Alimpeleka hospitali, ile ya nje ya mji, kwa sababu baba alikataa kabisa ile ya mjini ambako kuna watu wanaonijua. Kiharusi. Kidogo, walisema, mdomo ulirudi siku hiyo hiyo, lakini kiharusi. Presha ilikuwa juu na hakuna aliyekuwa anajua. Wakampa dawa, wakamwambia afanye mazoezi ya mkono kila siku. Siku ile ya Namtumbo walikuwa wamekwenda kliniki.

"Mazoezi yenyewe aliyachukia," akasema. "Kufinya mpira, kufinya mpira. Aliutupa kwenye mahindi. Mimi ujana wangu nilipiga gitaa, na kuna daktari mgeni niliyefanya naye kazi aliniachia kaseti hii. Mpwa wangu akaihamishia kwenye flashi. Nikamwambia, basi tufinye nyuzi. Huu muziki una haraka, haumpi mtu nafasi ya kujihurumia."

Mwezi wa tatu. Nilikuwa nimesimama pale jikoni, na miezi ikaanza kunipita kichwani ikiwa imegeuzwa. Viatu vya kutumbukiza: hawezi kufunga kamba. Kinyozi: hawezi kunyoosha shavu kwa mkono mmoja na kushika wembe kwa mwingine. Pasi alipigiwa. Msikiti ulikuwa na ngazi. Na ule mkono mfukoni, ambao mimi na mdogo wangu tuliucheka kwenye simu. Nilikuwa nimemwangalia baba yangu kila Jumamosi kwa macho makali kuliko nilivyowahi kumwangalia maishani, na sikuona kwamba anaumwa.

Nikakasirika. Ningependa kusema nililia, lakini nilikasirika kwanza.

"Ungeanguka tena je? Ungefia hapa sisi tunaletewa habari na muuza mboga? Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu mngenichukua," baba akasema. "Mdogo wako angekuja na gari. Mngeniweka kwenye chumba cha wageni Dodoma, nitazame ukuta. Mimi nimepanda miti kwenye mlima ule. Nataka nikiamka niuone."

"Na wewe," nikamgeukia yule mama, "muuguzi mzima, unaficha ugonjwa wa mtu kwa watoto wake?"

"Ni ugonjwa wake, si wangu," akajibu. "Muuguzi hatoi siri ya mgonjwa. Kila wiki nilimwambia awaambie. Lakini nikuulize na mimi. Mjumbe wa nyumba kumi aliniambia wewe na ndugu yako mnaulizia ulizia habari za hati ya kiwanja hiki. Baba yenu hajafa. Mlikuwa mnatafuta nini?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kumbe naye, miezi yote hiyo, alikuwa akinishuku mimi. Akiniona napita na kapu langu alikuwa anajiuliza nimekuja kupima nini. Mdogo wangu alikuwa kweli amempigia mjumbe, bila kuniambia. Sabufa ikaendelea kutucheka.

"Shikamoo, mama," nikasema mwishowe.

"Marahaba." Aliitikia kikavu, lakini aliitikia.

Nilivuta kiti. Baba akaomba maji, nikampa, nikaona anavyopokea kwa mkono wa kulia na kuutuliza ule mwingine chini ya meza. Nikauchukua. Ulikuwa wa moto, na ncha za vidole zilikuwa na sugu za nyuzi, ngumu kama za kijana. Nikamwambia afinye mkono wangu. Akafinya. Haukuwa mkono mzima, lakini haukuwa mkono uliokufa.

"Na hilo lingine?" nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika na sikutaka kurudi na nusu ya habari. "Ni mgonjwa na muuguzi tu?"

Baba akamtazama yule mama. Yule mama akavua miwani akaanza kuifuta kwa pindo la kitenge, ingawa ilikuwa safi.

"Si hiyo tu," baba akasema.

Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa sahihi, na hakuna siku aliyoniacha nisahau. Alikuja na gari kama baba alivyotabiri. Yalisemwa maneno makali sebuleni, baba akafika mahali akaanza kusema Kiyao, lugha anayoikimbilia akikasirika, na mdogo wangu ambaye hakujifunza Kiyao akabaki anauliza, "Anasema nini? Dada, anasema nini?" Sikumtafsiria. Tulimpeleka baba hospitali ya mjini, daktari akampima upya, akasoma cheti cha ile hospitali nyingine, akasema aliyemhudumia mzee huyu alimhudumia vizuri. Mdogo wangu aliuliza swali lile lile mara nyingi kwa namna tofauti, akitafuta kosa. Hakulipata. Akaondoka na gari lake tupu.

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno, kimya kimya. Upande wa Nakapanya alikuja shangazi mmoja tu, akanung'unika kuhusu dini ya bibi harusi, lakini pilau alikula. Mimi sitasema kwamba siku hiyo nilikuwa na moyo mweupe. Nilipoona vyombo vya mama vinatolewa kabatini na mikono mingine, nilitoka nje nikasimama karibu na banda la kuku mpaka nilipojisikia naweza kurudi. Yule mama aliniona, hakunifuata. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Hatujawa marafiki. Tukipika pamoja, kila mmoja anaonja chumvi ya mwenzake kwa siri. Lakini sasa tuna mtu mmoja wa kumshuku. Mwezi uliopita alinipigia simu nikiwa ofisini kwa walimu.

"Mwalimu, baba yako amekwenda wapi? Ameniambia anakuja kwako."

"Kwangu hayupo."

"Nilijua. Fimbo ameiacha. Sabufa ameiacha inapiga, ili nidhani yuko chumbani."

Nilichukua bodaboda. Nikamkuta yule mama amesimama njiani, amejifunga khanga kiunoni, anatazama juu kwenye miti. Tukasimama wote wawili, huku nyuma yetu gitaa likikimbia kwenye nyumba isiyo na mtu. Kisha akanigusa mkono, akaninyooshea kidole.

Baba alikuwa anashuka kwenye kijia cha msituni, polepole, mguu wa kushoto unaburuta kidogo, suruali imelowa umande mpaka magotini. Alipotuona tumesimama pamoja, alisita. Akatafuta njia nyingine ya kupita, hakuiona.

"Nilikuwa hapo tu," akasema kwa sauti kabla hajaulizwa.

"Hapo wapi?" tukauliza, mimi na mama wa kambo, kwa pamoja.